Eti Wamarekani hawataki tena gari ndogo? Ukweli kuhusu kiwanda cha Lordstown

Gereji ninayopeleka magari ya wateja kuna ubishi haujawahi kuisha. Ikiingia Toyota Premio au Allion kubadilishwa bushi lazima mtu aanze, eti gari za chini ndo zinakufa hivyo, hata Marekani wamefunga kiwanda kizima kwa sababu watu hawazitaki. Kiwanda chenyewe ni Lordstown, jimbo la Ohio, kile cha General Motors (GM) kilichokuwa kinatoa Chevrolet Cruze, na Cruze ya mwisho ilitoka pale tarehe 6 Machi 2019, nyeupe, wafanyakazi wakapiga nayo picha na bendera. Mimi ni dalali wa magari, uchumi sijasomea, ila hii stori nimeifuatilia muda na naona vijiweni tunaisimulia kombo. Twende moja moja.

Dhana: watu waliacha kununua gari ndogo, kiwanda kikakosa wateja

Hapana bwana. Mwaka 2018, ambao ndo mwaka mzima wa mwisho wa kile kiwanda, Cruze zilizouzwa Marekani zilizidi 142,000. Laki moja na arobaini na mbili elfu, gari ya aina moja, nchi moja, mwaka mmoja! Honda mwaka huohuo wameuza Civic zaidi ya 325,000. Sasa hao wote walikuwa nani kama siyo wateja wa gari ndogo.

Shida ni kwamba mwaka 2014 Cruze hiyohiyo ilikuwa imeuzwa 273,000, yaani ndani ya miaka minne mauzo yamekatika karibu nusu, na kiwanda cha magari hakina habari ya nusu. Sehemu ya rangi inakula umeme uleule, maroboti yaleyale, jengo lilelile, utoe gari mia tano kwa siku au elfu moja. Piga picha daladala inatoka Mbagala na abiria nane, mafuta yaleyale, dereva na konda walewale, na jioni tajiri anataka hesabu yake ileile. Abiria nane wapo kweli, hakuna anayebisha, ila gari haliendi hivyo mwezi mzima.

Halafu kuna kitu ambacho pale gereji hakuna anayekitaja na kwangu mimi ndo penyewe. Yule mteja wa Cruze hakupotea, alivuka tu upande wa pili wa shoorumu ileile. Cruze toleo la pili na SUV ndogo ya Chevrolet inayoitwa Equinox zimejengwa juu ya msingi mmoja chini huko, ndugu wa tumbo moja, ila Equinox imenyanyuliwa, ina mgongo mpana na mlango mkubwa nyuma, na mteja analipa maelfu ya dola zaidi. Equinox mwaka 2018 iliuzwa zaidi ya 330,000. Sasa wewe ndo bosi, una gari mbili zinazofanana mifupa, moja inakuachia faida ya kueleweka na nyingine unabembeleza watu kwa diskaunti maana Toyota, Honda na Hyundai wamekubana kooni, utahangaika na ipi?

Na kwenye pikapu ndo kuna asali kabisa. Tangu 1964 pikapu inayoingia Marekani kutoka nje inapigwa ushuru wa asilimia 25, wakati gari ya kawaida ya abiria kwa miaka na miaka ilikuwa inalipa asilimia 2.5. Ushuru huo chanzo chake ni ugomvi wa kuku, msicheke, Wazungu wa Ulaya waliwekea kodi kuku wa Marekani na Marekani akajibu kwa kodi kwenye brandi, wanga na magari ya mizigo. Hayo mengine yalikuja kuondolewa, ya pikapu ikabaki. Kwahiyo kwenye pikapu kampuni za Marekani zimezungushiwa ukuta, kwenye sedani, hizi gari za chini, walikuwa uwanja wa wazi na Mjapani. Ndo maana Chrysler chini ya bosi wao Marchionne walishatangaza kuachana na sedani zao ndogo mwaka 2016, Ford wakafuata Aprili 2018 wakabakiza Mustang tu. GM hakuwa wa kwanza, alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Dhana: kazi ilihamishiwa Mexico

Hapa wanaobishana wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inauma. Cruze za Lordstown hazikupelekwa Mexico ziendelee kuuzwa Marekani, ile gari ilifutwa kabisa kwenye soko lao, na hata Cruze ya mlango wa nyuma iliyokuwa inatengenezwa Ramos Arizpe kule Mexico nayo ikaondoka. Ila Juni 2018, wiki zilezile shifti ya pili ya Lordstown inaondolewa, kampuni ikatangaza kwamba SUV mpya inaitwa Blazer itatengenezwa Ramos Arizpe. Wewe umekabidhi kitambulisho getini leo, kesho unasikia gari mpya ambayo ingeweza kuja kwenu imepelekwa kwingine. Watu wa Ohio walikasirika na mimi siwalaumu, Lordstown wangepewa hiyo Blazer tusingekuwa tunaongea hapa.

Dhana: GM walikuwa wamefilisika

Hiyo ni 2009. Juni 2009 ndo waliomba ulinzi wa mahakama na serikali ikaingiza karibu dola bilioni 50. Mwaka 2018 walipata faida ya dola zaidi ya bilioni 8. Walifunga wakiwa wameshiba, na bosi wao Mary Barra alilisema hilo kwa namna yake, kwamba ni bora ukate wakati una hela kuliko usubiri kiama.

Dhana: wafanyakazi wa pale walikuwa wakorofi, kila siku mgomo

Hii inatokana na jambo la kweli ila la zamani mno. Kiwanda kilifunguliwa 1966. Miaka ya mwanzo ya 70 walikuwa wanatengeneza Chevrolet Vega na menejimenti ikaamua laini iende kasi, gari 100 kwa saa. Piga hesabu, sekunde 36 kila gari. Umesimama, gari inakuja, unafunga nati zako, inaondoka, nyingine hiyo hapo, hujafuta hata jasho, na hivyo hivyo masaa nane. Vijana wengi walikuwa chini ya miaka thelathini, wana nywele ndefu, wengine wametoka vita vya Vietnam, wakasema hapana. Machi 1972 wakagoma karibu wiki tatu na magazeti Marekani nzima yakawa yanaongelea ugonjwa wa Lordstown, yaani ile hali ya mtu kuchoka kugeuzwa mashine.

Sasa kutoka hapo hadi 2019 ni miaka 47. Vijana wale wengi ni wastaafu, wengine marehemu. Waliokuwepo mwishoni wengine waliingia chini ya mkataba wa 2007 ulioleta madaraja mawili ya mshahara, mgeni anaanza na kama nusu ya anachopata mwenzake aliyesimama naye kwenye laini ileile anafunga mlango uleule. Walikubali hayo yote ili kiwanda kibaki. Kuwaita wakorofi ni kuwaonea.

Dhana: kilifungwa ghafla, siku moja watu wakakuta kufuli

Kingefungwa ghafla labda ingekuwa nafuu. Januari 2017 iliondolewa shifti ya tatu, Juni 2018 ya pili, na tarehe 26 Novemba 2018 ndo likaja tangazo. Mwanzoni mwa 2017 pale palikuwa na watu kama 4,500, siku ya mwisho walikuwa wamebaki kama 1,600.

Na kwenye tangazo lenyewe neno kufunga halikuwemo. Mkataba na chama cha wafanyakazi ulikuwa hauruhusu kufunga kiwanda kabla haujaisha, kwahiyo kampuni ikasema viwanda vitano, Lordstown kikiwemo, "havijapangiwa bidhaa". Yaani hujafukuzwa kazi ila kazi haipo. Umeelewa ujanja? Kufungwa rasmi kulikuja baada ya mgomo wa siku 40 wa mwaka 2019 na mkataba mpya, wakati huo mashine zimeshapoa miezi.

Katikati ya hayo yote Julai 2017 Trump alikwenda Youngstown, mji wa jirani, akawaambia watu kazi zinarudi, msihame, msiuze nyumba zenu. Kuna waliomsikiliza.

Kingine watu wanadhani wafanyakazi walitupwa tu barabarani. Wengi walipewa nafasi kwenye viwanda vingine vya GM, sema angalia ni wapi, Spring Hill huko Tennessee, Fort Wayne Indiana, wengine mpaka Arlington Texas ambako kutoka Lordstown ni karibu kilomita 2,000. Ukikataa unapoteza baadhi ya stahiki zako. Pensheni kamili ya zamani ilikuwa ukifikisha miaka 30 kazini, sasa mtu ana miaka 26, mke ana kazi yake Ohio, mtoto yuko darasa la mwisho, mama mzee anaumwa nyumba ya tatu. Wengi wakaenda peke yao, wakapanga vyumba kwa kushirikiana kama makapera, wakawa wanarudi nyumbani wikiendi moja moja kwa kuendesha usiku kucha. Sisi tuliolelewa na baba anayefanya kazi mkoa hatuhitaji kuelezewa sana hapo.

Na waliokuwa nje ya geti ndo hawahesabiwi kabisa, kiwanda cha viti cha Magna kilichokuwa hapo jirani nacho kikafunga, maana viti vilikuwa vya Cruze, ungemuuzia nani.

Dhana: petroli ikipanda tu watu watarudi kwenye gari ndogo

Walishawahi kurudi. Mwaka 2008 petroli Marekani ilipogusa dola 4 kwa galoni Wamarekani walizikimbia SUV kubwa kama zina ukoma, na Lordstown hapohapo ikaongezwa shifti ya tatu wakati huo wanatengeneza gari ndogo ya Chevrolet inaitwa Cobalt. Ila zile SUV za 2008 yalikuwa madude, zinakunywa. Za leo ni hizi ndogo zilizonyanyuliwa, na ukija kwenye Toyota RAV4 ya haibridi, ya petroli na umeme pamoja, hata sedani nyingi za petroli tupu haziifikii kwa kubana mafuta. Ile sababu ya kushuka kutoka gari ya juu kwenda ya chini imepungua nguvu, na mtu akishazoea kukaa juu anaona barabara yote kumshusha ni kazi. Mimi wateja wangu hawashuki, nawajua.

Dhana: pale sasa hivi ni magofu

Hii kidogo nicheke. Jengo liliuzwa mwishoni mwa 2019 kwa dola milioni 20 kwa kampuni changa iliyojiita Lordstown Motors, wakaahidi pikapu ya umeme inaitwa Endurance, makelele mengi, soko la hisa likapanda kichwa, wakatoa gari za kuhesabu na Juni 2023 wakaomba ulinzi wa kufilisika. Kabla ya hapo, 2022, walishawauzia jengo Foxconn, hawahawa wanaounganisha iPhone.

Kilichosimama kweli ni kiwanda cha betri za magari ya umeme ambacho GM na LG walijenga hapo karibu, kikaanza kazi 2022. Ajira zilikuja, ila mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 16 na nusu kwa saa, na ndo maana Desemba 2022 walipopigiwa kura kuingia chama cha wafanyakazi matokeo yalikuwa 710 kwa 16. Hao 16 ningependa kuwajua. Serikali ya Ohio nayo haikukaa kimya, GM walikuwa wamepewa misamaha ya kodi kwa ahadi ya kubakiza ajira pale, kwahiyo 2020 wakaamriwa warudishe dola milioni 28.

Dhana: haya ya Marekani, sisi hayatuhusu

Cruze kweli haituhusu sana, nimeiona mara chache. GM wenyewe walishaondoka huku, kile kiwanda chao cha Nairobi waliwauzia Isuzu hisa zao 2017. Ila hesabu ya Lordstown imefanyika Japani pia, kimyakimya, na hiyo inakuja moja kwa moja kwenye meza yangu. Premio na Allion Toyota waliacha kuzitengeneza Machi 2021. Hakuna Premio ya 2022, na anayekuambia anayo anakuibia.

Kenya gari ikizidi miaka minane haiingii, kwahiyo Premio ya mwisho kabisa wanaweza kuishusha Mombasa mpaka mwisho wa 2028, baada ya hapo basi. Sisi Tanzania hatukatazwi kwa umri, tunapigwa tu ushuru wa uchakavu, kwahiyo zitaendelea kuja, chache, zimechoka na bei juu. Juzi mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi kaniambia, "Mwanangu, nitafutie Premio, rangi ya maziwa, isizidi mwaka 2020, kilomita ziwe chache." Nimepekua minada ya Japani wiki nzima. Zipo tatu, na moja imegongwa nyuma.