Thamostati Haikuwekwa kwa Ajili ya Baridi ya Japani

Juma hili nimeisikia tena kauli ileile, safari hii kutoka kwa mtu makini aliyeamua kulitunza gari lake mwenyewe: kwamba thamostati, yaani kile kivalvu kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini kulingana na joto, ni ya nchi za baridi, kwamba kwa joto la Dar es Salaam ni mzigo mtupu, na kwamba ukinunua gari la Kijapani la zamani kazi ya kwanza ni kuitoa na kuitupa. Gari lake, Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, linachemsha kwenye foleni. Nilipomuuliza kama thamostati ipo, alijibu kwa fahari kwamba ilishatolewa, kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa hapo. Naandika haya ili atakayeniuliza tena nimpe asome, nami niendelee na kazi.

Katika injini za Toyota za familia ya A, yaani 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE zilizojaa kwenye Corolla na Carina zetu, na hata katika 1NZ-FE ya akina Ist na Probox, thamostati haikai pale maji ya moto yanapotoka kwenye injini kuelekea kwenye rejeta. Inakaa upande wa kuingilia, kwenye njia ya pampu ya maji, mahali ambapo maji yaliyopoa kutoka mpira wa chini wa rejeta hukutana na maji ya moto yanayorudi kwa njia ya mchepuko bila kupitia rejeta kabisa. Ndani ya kikopo chake cha katikati mna nta, ambayo ikifikia nyuzijoto 80 hadi 84 huyeyuka, hutanuka na kuishinda springi, mlango wa upande wa rejeta ukaanza kufunguka. Wengi huishia kuitazama hapo. Igeuze. Upande wa pili, mwishoni mwa springi, kuna kisahani kidogo ambacho husogea pamoja na mlango, na kadiri njia ya rejeta inavyofunguka ndivyo kisahani hicho kinavyoliziba tundu la mchepuko.

Sasa itoe. Ni kweli kwamba njia ya rejeta inabaki wazi, lakini tundu la mchepuko nalo linabaki wazi wakati wote, na maji hayawezi yote kwenda kupenya mirija myembamba ya rejeta, iliyokwisha kuzibwa nusu na kutu pamoja na chumvi ya maji ya kisima, ilhali pembeni kuna njia fupi isiyo na kizuizi. Sehemu ya maji ya moto inatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini ileile kabla haijapoa hata kidogo. Gari lililokuwa linaelekea kuchemsha limezidishiwa sababu ya kuchemsha, na vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinaonya kwamba kuiondoa thamostati yenye valvu ya mchepuko hupunguza uwezo wa kupoza injini.

Wanaonikera zaidi, hata hivyo, ni mafundi wenzangu wanaoitetea thamostati kwa sababu isiyo ya kweli. Utawasikia wakisema kwamba bila thamostati maji hupita kwenye rejeta kwa kasi mno, hivyo hayapati muda wa kupoa. Maelezo hayo yanaingia akilini haraka, na ndiyo maana yamedumu, lakini hesabu yake imeangalia upande mmoja tu. Maji yanayokaa muda mfupi kwenye rejeta hukaa muda mfupi kwenye injini pia, na hurudi mara nyingi zaidi. Tone moja linaweza kutoka likiwa limepoa kidogo, lakini matone ni mengi zaidi kwa dakika, na mirija yote ya rejeta inabaki na joto kubwa la kukabidhi kwa upepo wa feni. Kasi ya maji peke yake hainyimi rejeta kazi. Kinachoinyima kazi ni maji yasiyofika kwake. Natilia mkazo tofauti hiyo kwa sababu anayeamini hadithi ya kasi huishia kuweka kipande cha bati chenye tundu mahali pa thamostati, akidhani ameyapunguza mwendo maji, kumbe ameibana njia ya rejeta na kuuacha mchepuko wazi kama ulivyokuwa.

Imani ya kuitoa thamostati haikuzuka bure. Zipo injini, hasa za zamani zaidi, ambazo thamostati yake hukaa upande wa kutokea na haina kisahani cha kuziba mchepuko; ukiitoa kwenye injini za aina hiyo, kosa kubwa unalofanya ni kuiacha injini ipoe kupita kiasi. Isitoshe, thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha gari kweli, na fundi akiitoa gari linapona palepale, mteja anashukuru, na wote wawili wanaondoka na somo lisilo sahihi. Tena lazima niseme kwamba hasara ya kuitoa haifanani kwa kila gari. Rejeta mpya na feni yenye nguvu vinaweza kuficha kosa hilo kwa miaka, na yapo magari yaliyotembea hivyo mpaka yakauzwa. Simwambii mtu kwamba injini yake itakufa kesho. Namwambia kwamba ameitumia akiba ambayo ataitafuta siku ya foleni ndefu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Upande wa baridi nao upo, hata huku kwetu. Ukitoka Chalinze kwenda Morogoro alfajiri bila thamostati, sindano ya joto inalala chini, dereva anafurahi, ilhali sensa inaiarifu kompyuta kwamba injini bado haijapata moto. Kompyuta inaongeza petroli, plagi zinakuwa nyeusi, oili inapokea petroli na unyevu ambao haupati joto la kutosha kuutoa, na gari la otomatiki huweza kuchelewa kuingia ovadraivu, yaani gia yake ya juu kabisa. Kuhusu kulika kwa silinda sitapiga kelele nyingi, kwani kwenye injini iliyokwisha kwenda kilomita laki mbili ni vigumu kutenganisha ulaji uliotokana na ubaridi na ule wa oili iliyocheleweshwa kubadilishwa.

Kama gari linachemsha, basi, tafuta mahali pengine kwanza: mfuniko wa rejeta ulioandikwa 0.9 ambao haushiki tena presha hiyo, na ukiwa mzima ndio unaoyazuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118, feni, rejeta yenyewe, na mapovu yasiyoisha ambayo huashiria gasketi ya silinda hedi. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, hili halina mjadala. Kuhusu feni, Toyota nyingi za enzi hiyo zilipangwa hivi kwamba ukichomoa soketi ya swichi yake ya joto, feni huwaka yenyewe mara swichi ya gari inapofunguliwa. Kabla hujakata waya na kuunga feni moja kwa moja, jaribu hilo ujue kama feni yenyewe ni nzima.

Thamostati hupimwa jikoni. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto pembeni, kisha pasha polepole huku ukikoroga. Iliyogongwa namba 82 inatakiwa ianze kuachia kati ya 80 na 84, na ikifika 95 mlango uwe umenyanyuka milimita 8 au zaidi. Anayeishi Mbeya au Nairobi asiitupe kwa kuwa haikufika mwisho, maana kwenye miinuko hiyo maji huchemka karibu nyuzi 94, na sufuria haiwezi kuifikisha thamostati kwenye 95. Atazame zaidi inavyoanza kufunguka, na inavyojifunga kabisa ikipoa.

Wakati wa kuirudisha, weka mpira mpya wa duara, upande wa springi uelekee ndani ya injini, na kijivalvu kidogo cha kutolea hewa kikae juu. Jaza kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, polepole, kipasha joto cha ndani kikiwa kimefunguliwa, kwa sababu hewa iliyonaswa humchemshia mtu gari ambalo halina ugonjwa wowote. Thamostati ikikwama njiani usiku, mbali na duka la spea, itoe injini ikishapoa, jaza maji, nenda taratibu macho yakiwa kwenye sindano, na kesho yake ununue nyingine.