Kemikali iliyokwisha muda ni nini kwa fundi redio?

Ukisema kitu "kimekwisha muda", wengi wetu tunafikiria panadoli au soda: nguvu imeisha, kitupe. Kwenye karakana maana hiyo inadanganya, na imeshawaumiza mafundi na watoto wao. Kemikali iliyokwisha muda ni ile ambayo huwezi tena kuamini kwamba iko vile ilivyoandikwa kwenye chupa. Pengine imepungua nguvu. Pengine imegeuka kitu kingine. Pengine yenyewe ni ile ile, ila chombo kimeoza, au aliyejua ni nini ameshafariki.

Hilo la mwisho nililikuta Ujiji. Mzee mmoja aliyetengeneza redio za mbao, na baadaye akawa anajiundia mitambo ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu bila biashara, alituacha na rafu nzima ya chupa na makopo. Mjane wake akaniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi dawa za baba yako sizijui, na wajukuu wameanza kuzichezea."

Dawa. Mafundi wote ndivyo tunavyosema: dawa ya kuchubulia bodi, dawa ya kusafishia swichi, dawa ya kulehemu. Neno moja limefunika vitu visivyofanana hata kidogo.

Kopo la kwanza lilikuwa la kloridi ya feri, ile inayokula shaba ya bodi zikabaki njia za umeme tu. Ikiwa kavu ni punje au mabonge ya manjano na kahawia, na ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Kifuniko kilikuwa cha bati. Kilikuwa kimetoboka kama chandarua, punje zimekuwa uji wa kahawia, na bisibisi zote zilizoning'inia juu yake zilikuwa zimeliwa na kutu, wakati za ukuta wa pili zinang'aa. Kloridi ya feri ikikutana na maji huzaa tindikali ya haidrokloriki, na mvuke wake ulikuwa ukipanda pale pale mzee alipokuwa akikaa na kazi yake. Ndiyo maana hutunzwa kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha plastiki, na haiwekwi kamwe kwenye sufuria ya alumini: inaitafuna kwa joto kali na kutoa gesi inayoshika moto.

Wapo wanaochubua bodi kwa kuchanganya tindikali na haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi huvunjika polepole ikawa maji na oksijeni. Ukikaza kifuniko, gesi hujaa mpaka chupa inavimba. Chupa ya namna hiyo usiitikise wala usiifungue. Watoe watu, utafute mwenye ujuzi.

Kilichonitisha zaidi ni chupa ya kioo cha kahawia, safi, lebo bado inasomeka: tetrakloridi ya kaboni. Enzi zake ilisifiwa sana. Inayeyusha grisi ya swichi, inakauka upesi, haishiki moto, hata kwenye vizima moto ilitiwa. Lakini mvuke wake huharibu ini na figo, na kwa mnywaji wa pombe madhara huzidi. Ikipata joto kali inaweza kutoa fosjini, gesi iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa kuwa inaharibu pia tabaka la ozoni, Itifaki ya Montreal ilizitaka nchi zinazoendelea ziachane na matumizi ya namna hiyo ifikapo 2010. Ndani ya chupa haikuwa imebadilika. Waliobadilika ni sisi, tulipojua inafanya nini mwilini.

Kapasita, vile vipande vya redio vinavyotunza chaji ya umeme, zikiwa kubwa, za mafuta, na za miaka ya 1970 kurudi nyuma, nazo usizitoboe wala kuzichoma. Baadhi zina PCB, mafuta yenye sumu yaliyomo kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001, mkataba wa kimataifa wa kuachana na sumu zinazodumu muda mrefu.

Kijana tuliyekuwa naye alitaka tumwage vyote mtaroni. Mtaro wa kwetu unashuka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji yaliyokwisha kuchubua bodi yamebeba shaba, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Maji hayo unaweza kuyatuliza ukali wa tindikali kwa magadi, kidogo kidogo, nje, kwenye ndoo ya plastiki yenye nafasi maana yatatoa povu jingi. Tope litakalotuama chini limebeba shaba ile ile, kwa hiyo litunze kwenye chombo, usilitupe shambani. Tetrakloridi na PCB hazina tiba ya nyumbani. Hizo ni za kuulizia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, anayesimamia kemikali za viwandani na majumbani.

Tulifanya kazi uani, glovu na miwani, tukisimama upande upepo unakotoka, bila kunusa kitu chochote ili kukitambua. Chupa ya kahawia tuliiweka wima kwenye ndoo yenye mchanga. Nikaanza kuandika jina lake la kitaalamu, mama akanizuia: "Andika nitakachoelewa mimi." Nikaandika upya: SUMU. ILIKUWA YA KUSAFISHIA SWICHI. USIFUNGUE. Akaisoma kwa sauti mara mbili, kisha akawaita wajukuu waje waisome nao.