Je, Uamsho wa Kikristo Huanzishwa na Mhubiri Mmoja?

Waumini wengi wamelelewa wakiamini kwamba uamsho, yaani kipindi ambapo imani ya watu wengi huhuika kwa pamoja, huanza pale mhubiri mashuhuri anaposimama mimbarini, na kwamba maombi hufuata baadaye kama matunda ya mahubiri yake. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa jina la mhubiri ndilo hubaki vinywani mwa watu.

Kumbukumbu za kihistoria, hata hivyo, mara nyingi huonyesha mfuatano tofauti, ambapo maombi hayamsubiri mhubiri mashuhuri. Katika jumuiya ya Wakristo ya Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, wanaume 24 na wanawake 24 walikubaliana kuomba kwa zamu, kila mmoja saa yake, na zamu hizo zikaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mjini New York, tarehe 23 Septemba 1857, mlei mmoja alifungua chumba cha maombi saa sita mchana, akakaa peke yake nusu saa nzima kabla ya kusikia hatua za mtu ngazini. Hadi mwisho wa kikao hicho walikuwa watu sita tu, lakini uamsho ulifuata. Nusu saa ile hunigusa kila niikumbukapo.

Mambo mengine nayo yalichangia uamsho huo wa Marekani: mwaka huohuo wa 1857 benki za Marekani ziliyumba, na magazeti yakaeneza habari za mikutano ya maombi.

Anayetaka kuhakiki simulizi ya uamsho aulize iliandikwa lini na nani, kisha ailinganishe na shajara, barua na magazeti ya siku zilezile, akitazama hasa kipi kilitangulia. Tarehe zitamwonyesha mfuatano wa matukio. Kama Mungu ndiye aliyejibu, hilo ni suala la imani, ambalo tarehe peke yake haziwezi kulithibitisha wala kulikanusha.