Kipa wa magongo (hoki) si kipa wa mpira wa miguu aliyevishwa pedi

Nimeambiwa tena wiki hii: "Mchukue kipa wa mpira wa miguu, mvishe pedi za miguuni, kazi imekwisha." Haijaisha hata kidogo! Kazi ya kwanza ni kumsahaulisha mikono yake.

Kule anadaka, anaukumbatia mpira, anapumua. Kwenye magongo ukiulalia au ukaushika, filimbi inalia na wapinzani wanapewa penalti kona, yaani mpira unaanzishwa kutoka mstari wa goli na wao wanapiga shuti. Kama ulikuwa unaelekea wavuni, ni penalti ya mita 6.40. Glovu ya kushoto ni ubao tu: kiganja kiutazame mpira, kiusukume pembeni, vidole visifumbe. Ya kulia inashika gongo.

Kinachookoa ni miguu. Mpira wa gramu 156 hadi 163, mgumu kama jiwe, unakuja chini chini. Aliyezoea kujirusha anaanguka kabla haujafika. Simama. Kunja magoti, uzito uwe mbele, kichwa kitangulie magoti. Piga kwa ubavu wa ndani wa kika (kinga ngumu inayovaliwa juu ya kiatu), goti likiwa juu ya mpira. Ukiegemea nyuma au ukapiga kwa ncha, mpira unapaa mbele za watu, na hiyo ni hatari.

Halafu kuna hili la "uufishe miguuni kwanza", yaani uuzuie mpira ulale hapo hapo ndipo uupige. Kwa pedi za zamani za pamba na fito lilikuwa sahihi. Pedi za sponji zinautema mpira mita kadhaa, mara nyingi katikati ya D (nusu duara mbele ya goli), alipo fowadi. Kwa hiyo elekeza bapa la pedi pembeni mwa uwanja kabla mpira haujakugusa. Ukishagusa umechelewa.

Penalti kona nayo: ikipigwa kwa kuchapwa, shuti la kwanza lazima livuke mstari si juu ya milimita 460, yaani kimo cha ubao wa goli. Lakini likiburutwa na kurushwa kwa gongo, linaruhusiwa kwenda hata pembe ya juu. Tazama gongo: likirudi nyuma, anachapa, likiganda kwenye mpira, anarusha. Anayelala mapema anamwachia mrushaji sehemu yote ya juu ya wavu.

Kwenye viwanja vyetu vya udongo, Unguja na Pemba, mpira hugonga kokoto ukabadili njia. Hapo kusimama wima daima hakuniridhishi. Goti moja chini huokoa mingi, ila unapoteza kasi ya kuuwahi mpira uliorudi. Bado sijaona jawabu moja la kuwapa vijana.

Wachezaji wengine: mkono wa kushoto juu, ndio unaogeuza gongo, wa kulia ulegee. Kuugusa mpira kwa mgongo wa gongo (upande wa mviringo) ni faulo. Kinga ya meno na ya ugoko, kila siku.

Na kipa anayevaa mwenyewe: kika kwanza, pedi baadaye, bakoli (vifungo vya mikanda) zikae upande wa nje wa mguu. Zikikaa ndani zinanasana ukikimbia, na mpira unapita katikati ya miguu.