Programu zinajifunga ovyo? Pima RAM kabla ya kupiga Windows

Kompyuta ikianza kufunga programu ovyo, dawa ya kwanza mtaani ni kupiga Windows upya. Mteja analipa, wiki haiishi shida imerudi. Mimi kabla ya kugusa chochote huuliza: inajifunga programu ipi, na ukiwa unafanya nini?

Akijibu "Excel tu, kila nikifungua faili la mishahara", karibu hakika tatizo ni faili au Excel yenyewe. Kosa la programu hurudia mahali palepale. Kifaa kibovu hakichagui: leo kivinjari, kesho kisoma PDF, keshokutwa skrini ya bluu, na kila mara ujumbe tofauti.

Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, natafuta rekodi za WHEA-Logger, maana hapo prosesa yenyewe ndiyo inayoripoti hitilafu ya kifaa. Rekodi ya Kernel-Power 41 isikutishe. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, na kwa umeme wetu huu utazikuta nyingi.

Kisha RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kile inachokifanyia kazi. Naweka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na kuwasha kompyuta kutokea hapo, kwa sababu Windows ikiwa inafanya kazi hukalia sehemu ya RAM ambayo huwezi kuipima. Programu hii huandika data kwenye kila sehemu ya RAM, kisha huisoma kuona kama imebaki vilevile. Iache usiku kucha. Kuna ubovu unaojitokeza mashine ikishapata joto. Mstari mmoja mwekundu unatosha kuonyesha kuna kosa. Usikubali fundi akuambie "makosa mawili ni kawaida".

Ukiona kosa, usikimbilie dukani. Kama XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM) imewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla ya Windows kuwaka, izime upime tena, kwa kuwa huenda RAM ni nzima ila inakimbizwa kupita uwezo wa mashine. Chomoa RAM, safisha meno yake kwa ufutio, halafu pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ileile. Kosa likikifuata kipande hadi sloti nyingine, kipande ndicho kibovu. Likibaki kwenye sloti, shida iko kwenye bodi au prosesa.

Memtest ikipita, bado hujamaliza. Pawasaplai iliyochoka huangusha mashine inapobebeshwa kazi nzito, na prosesa nayo huharibika. Mwaka 2024 wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 walikuwa wakiona michezo ikilalamika kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imeisha, wakati kadi ni nzima. Intel ilikiri kwamba prosesa zilikuwa zikiomba volti kubwa mno, ikatoa maikrokodi 0x129 (sasisho la maelekezo ya ndani ya prosesa) Agosti mwaka huo. Maikrokodi hiyo ni ya kupunguza hatari tu. Prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi, inabadilishwa.

Jambo ambalo wengi hulisahau: RAM mbovu haifungi programu tu. Faili ulilolihifadhi lilipitia humo kabla ya kufika kwenye diski, na huenda liliharibika kimyakimya. Ukishatoa kipande kibovu, endesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kisha fungua faili zako muhimu za kipindi hicho moja moja. Nakala za akiba za zamani usizifute wala kuandika juu yake hadi umalize.