Umebakiza wiki mbili urudi kwenu: maswali ya msafiri aliyefika Mwanza

Alikuja zahanatini kwetu binti wa Mombasa, begi kubwa mgongoni, miguu imejaa vumbi la boda. Miezi mitatu yuko njiani: Uganda, Rwanda, Burundi, kisha Mwanza, akavuka Ziwa Victoria kwenda kisiwa cha Ukerewe na kurudi. Alikuwa amebakiza wiki mbili arejee kwao. Haumwi. Alikuwa na daftari la maswali, mengine yake, mengine ya mwenzake Mjerumani anayesafiri naye. Nayaandika hapa kwa ruhusa yake, kwa sababu wengi huondoka Mwanza bila kuuliza hata moja.

Dada, mimi mtoto wa pwani, siwezi kuona maji nikakaa kando. Ukerewe nimeogelea siku nne. Kuna ubaya?

Upo, nao ni kichocho, ugonjwa wa minyoo inayoingia kwa kupenya ngozi. Bahari ya kwenu ina chumvi na konokono wa kichocho hawaishi humo, ndiyo maana hukukua ukionywa. Ziwa letu ni maji baridi. Konokono hao hukaa ufukweni, kwenye matete na magugu, pale pale kina mama wanapofulia na watoto wanapooga. Mtu mwenye minyoo hiyo akijisaidia karibu na maji, mayai huanguliwa, vimelea huingia ndani ya konokono, hukua humo wiki kadhaa, kisha hutoka kwa wingi jua likiwa kali na kutafuta ngozi ya mtu. Si lazima unywe maji wala uwe na kidonda. Vinapenya ngozi nzima, na dakika chache zinatosha.

Akakunja suruali akanionyesha kifundo cha mguu. Kulikuwa na vipele vidogo vyekundu, kama mtu aliyepita kwenye upupu. Vilimwasha jioni ile ile aliyotoka majini, akadhani ni mbu. Vipele vya namna hiyo vinaweza kuwa alama ya vimelea kupenya, ingawa wengine hawaoni kitu kabisa, na kukosa vipele si kupona.

Tena usisubiri damu kwenye mkojo. Kandokando ya ziwa kichocho kilichoenea ni cha tumbo, minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Cha mkojo hupatikana zaidi mbali na ziwa, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Cha tumbo kinaweza kukaa kimya miaka huku kikiharibu ini. Nimewaona wavuvi wenye matumbo yaliyojaa maji na miguu myembamba kama fimbo, watu wa makamo tu. Wewe umeoga siku nne, hutafika huko ukitibiwa. Ila utibiwe kwa wakati wake.

Mbona nilishameza dawa kesho yake? Duka la dawa walinipa vidonge vinne.

Hapa naomba unisikilize sana, maana ndipo wasafiri wengi wanapojidanganya. Dawa yenyewe, prazikwanteli, ni nzuri na ndiyo tunayowapa watoto wa shule. Lakini inaua minyoo iliyokomaa. Ile iliyoingia juzi bado michanga, nayo dawa haiiwezi vizuri. Kwa hiyo vidonge vile havijakukinga, na utakwenda Mombasa ukiamini umemaliza.

Hesabu kuanzia siku ya mwisho uliyogusa maji ya ziwa. Ipite miezi miwili hadi mitatu, kisha nenda upimwe au umeze dawa tena. Kipimo chake hufuata uzito: miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600. Panda mzani, usikubali kukisiwa kwa macho. Meza baada ya kula. Ni vichungu na vinaweza kuleta kizunguzungu au tumbo kukata kwa saa chache.

Na kuanzia leo usiingie tena ziwani. Ukioga tena kesho, hesabu inaanza upya.

Nilijifuta kwa taulo upesi. Na siku moja nilijirusha kutoka kwenye mtumbwi, mbali na ufukwe.

Taulo si kinga ya kutegemea. Katikati ya ziwa hatari ni ndogo kuliko kwenye matete, lakini mtumbwi uliupandia wapi? Ulitembea majini hadi magotini. Hiyo tayari inahesabika. Maji ya ziwa ya kuoga kwenye ndoo, yachemshe au yaache siku mbili bila kuguswa.

Mwenzangu anameza doksisaiklini kuzuia malaria. Akishapanda ndege anaweza kuacha?

Asiache. Aendelee wiki 4 baada ya kutoka kwenye eneo la malaria, kila siku. Wanaotumia mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huendelea siku 7. Mbu aliyemuuma usiku wa mwisho anaweza kuwa amemwachia vimelea ambavyo bado havijaonekana, kwa sababu malaria huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza.

Na chandarua msikiache. Najua wiki za mwisho pesa zimekatika, mnalala guesti ya bei ya chini yenye neti iliyotoboka. Sindano na uzi vinatosha. Fundo tu linatosha, kama sindano haipo.

Naharisha kidogo tangu jana.

Kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukiona damu au homa, rudi hapa siku hiyo hiyo. Usinunue antibaotiki kwa kukisia.

Nikifika nyumbani nikaugua, nimwambie daktari nini?

Mwambie ulikotoka kabla hajakuuliza. Kijana mmoja ninayemfahamu alirudi kwao nyanda za juu, baada ya wiki tano akashikwa na homa, kikohozi kikavu na vipele mwili mzima. Katika kituo alichokwenda walimpima malaria, hakuna, wakampa dawa ya taifodi. Mara mbili. Hakuna aliyemuuliza kama alioga ziwani, naye hakuona sababu ya kulitaja. Ilikuwa homa ya kichocho kichanga, ambayo mara nyingi hutokea wiki chache baada ya kuingia majini. Iliniuma, maana swali moja tu lingemwokolea mwezi wa mateso.

Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari ni dharura: pima malaria siku hiyo, na likitoka jibu la hapana huku homa ikiendelea, pima tena kesho yake.

Nilimpa kalamu akaandika nyuma ya tiketi ya meli, nikamsomea asikose: nchi nilizopita na tarehe, Ukerewe, nimeogelea siku nne, siku ya mwisho Jumapili, prazikwanteli nimemeza mapema mno, nirudie. Akaikunja, akaiweka ndani ya pasipoti.