Kabla ya kuvunja sanduku, tuusome mwaka wa kikundi

Desemba ni mwezi wa kuvunja sanduku, yaani kugawana fedha zilizowekwa mwaka mzima. Kwenye vikundi vingi vya kuweka na kukopa, VICOBA vya mjini na vile vya vijijini, siku hiyo ina sare ya kitenge, ina pilau, na ina tangazo moja ambalo kila mtu analisubiri: hisa imezaa ngapi? Mwenyekiti akisema shilingi mia nne, vigelegele vinapigwa. Wanachama wanarudi nyumbani na namba hiyo kama taarifa ya mwaka mzima, na kwa namba hiyo hiyo wanapanga mwaka unaofuata: mwakani tufikishe mia sita.

Mimi ni mwezeshaji wa vikundi hivi. Jambo ninalolirudia kila mzunguko unapoisha ni kwamba faida ya hisa haitoshi kutuambia mwaka ulikwendaje, na kuifanya lengo ni hatari. Mwaka wa kikundi umeandikwa kwenye vitabu vya wanachama, mhuri kwa mhuri. Tukivisoma kabla fedha hazijagawanywa, tunajua cha kupanga.

Kwa asiyeufahamu mfumo: shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, ukaenea nchi nyingi za Afrika. Wanachama, kwa kawaida 15 hadi 30, wanakutana mara kwa mara, wengi kila wiki. Kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano, anagongewa mihuri kitabuni, na fedha zinaingia kwenye sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Fedha hizo zinakopeshwa kwa wanachama wenyewe kwa riba. Mwisho wa mzunguko, ambao ni kama mwaka mmoja, mikopo yote inarejeshwa na fedha zote zinagawanywa kwa kadiri ya hisa.

Sasa tuchukue hesabu ya mfano. Kikundi kina watu 25, hisa ni shilingi 2,000, wanakutana wiki 52, na kwa wastani kila mtu amenunua hisa tatu kwa wiki. Hizo ni hisa 3,900, sawa na shilingi 7,800,000. Riba iliyokusanywa ni 1,480,000 na faini ni 80,000. Jumla sandukuni ni 9,360,000. Gawanya kwa hisa 3,900, kila hisa inarudi na shilingi 2,400. Hisa imezaa mia nne. Hesabu ni safi, haina ubishi.

Lakini ile 1,480,000 imetoka wapi? Haikutoka benki wala kwa mfadhili. Imetoka mifukoni mwa watu wale wale 25. Ukifungua kitabu cha mama mmoja katika kikundi hicho unakuta ana hisa 100. Aliweka 200,000, anapokea 240,000, anapiga vigelegele na wenzake. Geuza ukurasa wa mikopo: mwezi wa saba alikopa 300,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia kumi kwa mwezi, akalipa riba 90,000. Alipata 40,000, akatoa 90,000. Kwa upande wa kikundi, mwaka wake una pengo la shilingi 50,000.

Je, ni mwaka mbaya? Inategemea kabisa alikopa kwa ajili gani. Kama zile 300,000 zilinunua dagaa akauza akapata faida ya 200,000, riba ya 90,000 ni gharama ya biashara na mwaka wake ni mzuri kuliko mgao unavyoonyesha. Kama zilikwenda kwenye unga na mafuta ya kula kwa sababu nyumbani kulikuwa kukavu, basi faida anayoshangilia jirani yake mwenye hisa 250 imetoka kwenye njaa yake. Tangazo la mwenyekiti haliwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Ndiyo maana nasema kikundi kikiweka lengo la "hisa izae mia sita", kinaweza kulifikia kwa wanachama kuzidi kukopa kwa shida. Faida itapanda, watu watakuwa wamedidimia.

Kwa hiyo naomba kikao kimoja, wiki moja au mbili kabla ya mgao, ambacho hakina fedha mezani. Fedha zikishaonekana hakuna anayesikiliza, na siwalaumu. Kila mwanachama anakuja na kitabu chake, na wanaotumia huduma za simu kama M-Koba wanakuja na taarifa ya miamala yao. Tunasoma.

Kinachosomwa kwanza ni wiki tupu. Kila kikao kina nafasi tano za mihuri, na zisizogongwa zinachorwa msitari. Mtu akifunua kitabu kuanzia mwanzo anaona mwaka wake ulivyojaa na ulivyopungua. Kwa wanawake wanaonunua samaki ufukweni, tuseme Pangani, mihuri inapungua kusi linapovuma, kati ya Aprili na Septemba, kwa sababu bahari inachafuka na vyombo vidogo haviendi mbali. Kwa wakulima wa mpunga wa Ifakara, wiki tupu ni za Desemba na Januari, wakati wa kulima na kupanda, na mihuri mitano mitano inarudi baada ya mavuno ya Mei hadi Julai. Hakuna la ajabu hapo, kila mwenyeji anayajua majira yake. Ila ni mara chache mtu ameyaona kwa fedha zake mwenyewe, wiki kwa wiki, pembeni ya tarehe alizokopa. Akiona mkopo wake wa chakula umeangukia kwenye kundi la misitari, na mwaka juzi ulikuwa pale pale, ameshajua lengo lake. Kusi huja kila mwaka. Mkopo wa kusi unaweza kuzuiwa kwa akiba ya kaskazi.

Hapo ndipo napenda tukae muda mrefu, maana malengo yanayotoka hapo yana tarehe na yana kiasi. "Nataka kujiinua kiuchumi" ni neno zuri la kuandika kwenye fomu, lakini huwezi kulikagua mwezi wa nne. "Nitenge 150,000 kwenye mgao, niziweke benki, ziwe unga na mafuta ya mwezi wa sita na wa saba" unaweza kulikagua. Mtu mmoja, lengo moja, limeandikwa nyuma ya kitabu chake.

Kingine cha kusomwa ni wiki za mwisho. Hisa iliyonunuliwa wiki ya kwanza na iliyonunuliwa wiki ya hamsini zinapata faida sawa, ingawa ya kwanza ilizunguka mwaka mzima na ya pili imelala sandukuni siku chache tu. Ukiona watu waliokuwa wakinunua hisa moja moja wameruka hadi tano mwezi wa mwisho, wanavuna jasho la wengine. Dawa yake ni kifungu kifupi cha katiba: wiki kadhaa kabla ya mgao, hakuna kununua zaidi ya wastani wako wa mwaka. Mjadala wake huwa mkali, lakini ni bora uwe mkali mwanzoni mwa mzunguko kuliko siku ya kugawana.

Mfuko wa jamii, ule unaowekwa kando ya hisa kwa ajili ya kusaidiana, nao usomwe, ila haraka: nani alipewa, kwa msiba au ugonjwa gani, nani alihitaji na akanyamaza. Mfuko huo usigawanywe. Uvuke kwenda mzunguko mpya ukiwa na fedha ndani yake, kwa sababu ugonjwa hausubiri sanduku lijae.

Kisha yapo malengo ya kikundi kizima, na kwangu mawili yanatangulia yote.

La kwanza ni tarehe ya mgao. Kuvunja Desemba kumekuwa desturi, na naelewa sababu: sikukuu, watoto wako nyumbani, ndugu wanakuja. Lakini angalia kinachofuata. Januari shule zinafunguliwa. Hata pale ambapo ada ya shule za serikali imefutwa, sare, madaftari, viatu na nauli viko pale pale. Na sanduku ni tupu, maana mzunguko ndio kwanza umeanza, na mkopo, ambao huwa hadi mara tatu ya akiba, haupatikani kwa akiba ambayo hujaiweka. Mwanachama wa kikundi cha kukopeshana anajikuta kwenye mlango wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, mwezi mmoja baada ya kupokea mgao. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii, kwa sababu linazuilika kwa kura moja ya kikao. Wenye watoto wengi shuleni wavunje wiki ya kwanza ya Januari. Wakulima wavunje wakati ambapo mbegu na vibarua vinahitajika. Wafanyabiashara ya samaki waangalie bahari.

La pili ni bei ya hisa. Baada ya mgao mzuri, wenye uwezo husimama na kusema hisa ipande, kutoka 2,000 iwe 5,000. Inaonekana kama kukua. Lakini aliyekuwa akinunua hisa mbili kwa wiki, yaani 4,000, sasa hawezi kununua hata moja. Atakosa wiki, atapigwa faini, ataona aibu, atatoka. Bei ya hisa ipangwe kwa kipato cha mwanachama mwenye kipato kidogo, tena kwa wiki yake mbaya. Mwenye uwezo ananunua tano, na kama tano hazimtoshi, benki zipo. Bei haibadilishwi katikati ya mzunguko, kwa hiyo kura ya siku hiyo itamfunga kila mtu mwaka mzima. Naomba ipigwe vitabu vikiwa wazi kwenye ukurasa wenye misitari mingi.

Malengo ya kutegemea fedha za nje nashauri yawekwe pembeni. Kusajili kikundi ni lazima, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 tuko daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii, na usajili unafanyika kupitia halmashauri, hilo limalizwe mapema. Mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba na ni haki yenu kuiomba. Lakini ilisitishwa mwaka 2023 na kurudi 2024, na kikundi kilichokuwa kimepanga mwaka wake wote juu ya mkopo huo kilibaki kikisubiri. Ombeni, kisha pangeni mwaka kwa fedha za sandukuni.

Mwisho, katibu aandike kwenye daftari la kikundi tarehe ya kuyarudia malengo haya, kabla ya msimu mgumu wa mahali penu. Pangani, kwa mfano, iwe Machi, wakati samaki bado wapo na aliyekwama bado anaweza kuongeza hisa.